Kitenzi Kimoja cha Mzee Karam Dad

Aliyemfelisha Taslim mtihani ni paka mweupe. Na paka mwenyewe hakuwa wake. Nyumbani kwa Mzee Karam Dad, juu ya kilima kinachotazama bwawa la Mangla, paka mweupe hajawahi kukanyaga tangu nyumba ijengwe. Kuna nyati mmoja wa maziwa, kuku kadhaa, na mzee mwenyewe na maneno yake mengi.

Taslim alirudi kutoka mjini jua likiwa bado kali. Akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kitanda cha kamba uani bila hata kuilegeza shela yake. Mkwewe, Karam Dad, alimtazama mara moja akajua. Aliingia jikoni akammiminia chai yeye mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa kijiji kile hawalifanyi ikiwa kuna mtu wa kuwaona.

"Tulikuwa wasichana wengi, Baba, wote wa chuo kimoja," Taslim alisema akishika kikombe kwa mikono miwili. "Mwalimu alitugawia majibu, tukayakariri. Yule mama wa mtihani akaniambia, nieleze kuhusu nyumbani kwako. Nikamwambia naishi ghorofa ya tano, nina kaka wawili, na nina paka mweupe anaitwa Snowy."

"Ghorofa ya tano!"

"Subiri. Kumbe wenzangu walioingia kabla yangu, wote wana ghorofa ya tano na wote wana Snowy. Mama wa watu akaweka kalamu chini, akaniuliza, huyu paka wako ana macho ya rangi gani? Baba, macho hatukuwa tumepewa!"

Karam Dad aliuma midomo, akatazama juu, akatazama chini, wapi! Kicheko kikamponyoka. Taslim naye akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukatika tena. Akafunika uso kwa shela akalia kama mtu aliyefiwa.

Na alikuwa na haki ya kulia. Mara ya kwanza alifeli kwa kukaa kimya, mara ya pili kwa paka wa watu. Bila cheti cha kuongea Kiingereza hakuna viza, na bila viza mumewe Wajid, dereva wa basi kule Bradford, angeendelea kuwa uso ndani ya simu. Miaka mitatu ya ndoa, na muda waliowahi kukaa chumba kimoja ni likizo moja tu ya Wajid. Wasichana walioolewa baada yake walishaondoka wakiwa na masanduku yao. Yeye alibaki akiwasindikiza.

"Basi. Chuo cha paka huendi tena," Karam Dad alisema. "Nitakufundisha mimi."

"Wewe, Baba?"

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha Sardaran, dada mkubwa wa mzee, anayekaa nyumba ya pili na kusikia kila kinachosemwa nyumba ya kwanza. "Huyo! Miaka thelathini Uingereza alikuwa anaongea na mashine ya sufi! Kiingereza chake hata nyati atakikataa."

"Dada, chapati zako zinaungua."

"Sijaweka chapati."

"Basi kaweke."

Ukweli ni kwamba Sardaran hakukosea sana. Karam Dad alikwenda Uingereza akiwa kijana, mwaka uleule maji ya bwawa yalipopanda na kuumeza mji wa zamani wa Mirpur, nyumba ya baba yake ikiwemo. Kule alisimamia mashine ya kusokota nyuzi mpaka kiwanda kikafungwa. Mkewe Hajra alipougua na kutaka kufia kwao, akarudi naye, akamzika, akabaki. Kiingereza alichorudi nacho hakikuwa kingi. Ila kilikuwa na uti wa mgongo, na uti wa mgongo huo ulikuwa kitenzi kimoja.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Taslim asubuhi iliyofuata, yeye amekaa kwenye kigoda, Taslim amechuchumaa anakamua nyati. "Waingereza wana neno wanalipenda kuliko watoto wao. *Keep*. Ukilishika hilo, nyumba yao yote imefunguka."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ni kila kitu! Siku niliyofika niliona kibao barabarani: *keep* kushoto. Kiwandani msimamizi akanipigia kelele: *keep* inazunguka, yaani mashine isisimame. Mama mwenye nyumba niliyopanga, kila asubuhi ya theluji, alikuwa ananifunga skafu shingoni kama mtoto wake: *keep* joto, Karam. Mtu akifuga kuku, *keep*. Akitunza ahadi, *keep*. Akinyamaza, *keep*. Akificha siri, *keep*. Hata sisi tukifunga Ramadhani, wenzetu kiwandani walituuliza: leo mna-*keep*?"

Taslim akaacha kukamua. "Neno moja, Baba?"

"Moja! Sisi tuna kufuga, kutunza, kuweka, kushika, kuficha, kila kazi na mfanyakazi wake. Wao wana mmoja tu, maskini, wanamtuma kutwa kucha."

Nyati akapiga teke ndoo. Karam Dad akaendelea kana kwamba naye amejibu.

"Na sheria ni moja. Hapa hatukariri. Utasema ya kwako, ya kweli tupu. Njia ya mwongo ni fupi, umeiona mwenyewe: swali la pili tu, macho ya paka yakakuumbua. Ukisema kweli, waulize mpaka kesho, majibu unayo. Haya. Wewe una-*keep* nini?"

Taslim akafikiri, akatazama mnyama aliye mbele yake. "*I keep buffalo*," akasema kwa woga.

"Umeona! Paka yuko wapi?"

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Maziwa yakilia ndani ya ndoo, Kiingereza nacho kikitoka kidogo kidogo. Taslim anafuga nyati. Taslim anatunza dawa za Baba kwenye kopo la biskuti. Taslim anafunga Ramadhani. Taslim anaweka unga juu ya kabati kwa sababu ya panya. Mzee alimuuliza panya wangapi, wakubwa au wadogo, wanakuja saa ngapi, na Taslim alijibu yote, kwa sababu panya walikuwa wa kweli. Pale neno lilipopotea, alimtuma mfanyakazi yule yule mmoja akaenda kulileta. Sardaran naye, juu ya ukuta, alianza kujua mawili matatu, na siku moja akawafukuza watoto waliokuwa wanaiba machungwa yake kwa sauti kubwa: "*Keep! Keep!*" Watoto wakakimbia kweli.

Sauti ya Taslim ilibadilika. Ilikuwa inatokea kooni, sasa ilitokea kifuani. Karam Dad alikuwa akimsikiliza huku akitabasamu, mpaka siku ile Sardaran alipomletea mboga ya haradali akamkuta peke yake.

"Anajua sasa," Sardaran alisema.

"Anajua."

"Atafaulu."

"Inshallah."

"Karam, ndugu yangu, huoni unachokifanya? Nani atakupikia? Nani atakuwekea dawa machoni? Unachukua jembe lako mwenyewe unajichimbia kaburi, tena unaimba."

"Kelele, Dada," Karam Dad alisema, lakini mboga ile hakuimaliza.

Tangu Hajra afariki, nyumba ile ilikuwa imekufa nusu. Taslim alipoletwa bibi harusi, ilifufuka. Alikuwa akiimba akifagia. Alimkemea mzee akitoka bila sweta. Jioni walikunywa chai pamoja, vikombe viwili kwenye sinia moja, yeye akisimulia ya kisimani, mzee akisimulia ya kiwandani, kila mmoja akijifanya ndio kwanza anasikia. Alimpenda kama binti wa kumzaa. Tuseme wazi, alimpenda kuliko alivyompenda Wajid mwenyewe, maana tangu arudi na Hajra, Wajid aliyebaki kule alimlea kwa kumpigia simu. Na mapenzi, jamani, yana ubinafsi wake.

Siku iliyofuata mzee alikohoa. Si kikohozi kikubwa. Akasema leo kifua kinabana, hakuna somo. Kesho yake vilevile. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Siku ya kujiandikisha mtihani ikakaribia, Taslim akamchemshia tangawizi na asali, akakaa pembeni ya kitanda.

"Baba, nitaahirisha. Siwezi kukuacha hivi."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema, mwanangu, mimi mzima, nenda kajiandikishe. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akakohoa. Taslim akaahirisha.

Usiniambie mzee mbaya. Mwenye kumbukumbu ya nyumba tupu ndiye anayeiogopa. Ila usingizi ulimruka, na kila Wajid alipopiga simu akauliza, "Baba, mke wangu vipi, anasoma?", mzee alimpa Taslim simu haraka na kwenda kuangalia nyati ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Majira yakageuka na maji ya bwawa yakashuka. Kila mwaka yakishuka, mji wa zamani unatokeza: kwanza mnara, kisha kuba la kaburi la walii, kisha kuta, kisha makaburi. Na kila mwaka watu huyafuata. Wanatoka vijijini, wanatoka miji ya mbali, wengine wanapanda ndege Bradford na Birmingham wakija kwa ajili ya hizo wiki chache, ili wasafishe tope makaburini kwao kabla maji hayajarudi kuyafunika.

Karam Dad alikuwa na mama yake huko chini. Mama alipofariki, bwawa lilikuwa bado maneno tu ya serikali. Maji yalipokuja, wenye uwezo walihamisha mifupa ya watu wao. Baba yake hakuwa na uwezo.

Alishuka na Taslim, mmoja ameshika ndoo na ufagio, mwingine ameshika fimbo. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka, na vyombo vya udongo vilivyovunjika vilikuwa vikilia chini ya viatu. Taslim akalifagia kaburi, akaosha mawe. Mzee akasoma Fatiha. Kando yao familia nzima ilikuwa inatandika mkeka, wajukuu wenye viatu vya bei wanaongea Kiingereza cha haraka, na bibi yao, aliyekuja nao kutoka ng'ambo, amelikumbatia jiwe analibusu.

"Yule anarudi kila mwaka," Karam Dad alisema. "Mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Tulicheza naye hapa."

Taslim alikuwa amesimama na ufagio, anatazama lile jiwe linalobusiwa.

"Baba, niseme kweli?"

"Sheria ndiyo hiyo."

"Ule mtihani wa kwanza, niliponyamaza, haikuwa woga. Waliniuliza unaishi na nani. Nikajua jibu. Nikajua na neno. Nikakuona wewe uani peke yako, mdomo ukafunga. Nikifaulu nakuacha. Nikifeli namkosa mume wangu. Sasa mimi nifanye nini, Baba? Nijigawe?"

Mzee alikaa juu ya ukuta wa kaburi la mama yake. Kumbe wakati yeye anamng'ang'ania binti huyu, binti naye alikuwa amejizuia kwa ajili yake, na kule Bradford kijana amekaa na mlo wa mtu mmoja.

"Na mimi niseme yangu," alisema. "Kile kikohozi..."

"Cha uongo. Najua."

"Unajua?"

"Baba, kikohozi chako cha kweli kinaanza na matusi. Kile kilikuwa na adabu mno."

Mzee alicheka, na kicheko hakikwenda mbali kikageuka. Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Taslim akakaa chini, akaweka kichwa kwenye goti lake, hapo hapo mbele za watu.

"Nisamehe, mwanangu. Niliogopa. Usiku nasikia nyumba ilivyokuwa kabla hujaja."

"Na mimi naogopa."

"Baba yangu alikataa kuondoka hapa. Maji yakafika kizingitini, yeye kakaa, mimi kijana namlilia. Mwishowe akanishika mkono akaniambia, twende, Karam, mtu hang'ang'anii nyumba mpaka mtoto wake azame. Nimelisahau neno lile vipi, Taslim? Nimekuwa nakuzamisha." Akamwekea mkono kichwani. "Kajiandikishe. Na ukiulizwa unaishi na nani, nitaje. Nitaje kwa sauti. Mimi si siri."

Siku ya mtihani mzee alikwenda naye mjini. Akakaa nje kwenye benchi na mfuko wa biskuti ambao alisahau kuufungua. Aliomba afaulu, na katikati ya dua akagundua kwamba anaomba kweli kweli, wala hakuna kipande cha moyo kilichobaki nyuma kukohoa.

Taslim alitoka mbio, shela imeshuka mabegani, karatasi mkononi.

"Aliniuliza kama nina mnyama nyumbani!"

"La haula! Ukasemaje?"

"Nikamwambia nina nyati. Akaacha kuandika. Akauliza anaitwa nani, nikamwambia Malkia. Akauliza ni mpole? Nikamwambia hapana, anapiga teke ndoo nikisema Kiingereza. Baba, alicheka! Akaniuliza nani atamkamua ukiondoka. Nikasema Shangazi Sardaran. Akauliza, na baba mkwe wako, nani atamtunza?"

Mzee akasogea karibu. "Eeh?"

"Nikamwambia Shangazi ana ulimi mkali, atawatunza wote wawili."

Alikuwa amefaulu. Walikula biskuti zote njiani.

Aliondoka baada ya viza kutoka. Mzee alimfunga skafu shingoni mwenyewe, ingawa jua lilikuwa kali, akamwambia *keep* joto, na akasimama njiani mpaka gari likapotea. Hakulia. Sardaran alilia kwa niaba ya kijiji kizima.

Wiki za kwanza simu ilipigwa kila siku, picha imejaa theluji na nyuso mbili zilizobanana ndani ya kioo kimoja. Wajid alikuwa amenenepa. Taslim alikuwa anacheka upya. Na kila alipouliza, "Baba, hujambo?", mzee alijibu sijambo, alhamdulillahi, nyati hajambo, Sardaran hajambo kwa bahati mbaya.

Hata asubuhi moja Taslim akapiga akiwa peke yake. Alikuwa jikoni, dirisha nyuma yake limefifia kwa mvuke. Akamtazama mkwewe muda mrefu, kisha akabadilisha lugha.

"*Baba, you keep well?*" akauliza.

Karam Dad alifungua mdomo kusema ndiyo. Akakumbuka sheria, maana ni yeye aliyeiweka: kwa Kiingereza tunasema kweli tupu. Akaangalia pembeni. Kwenye sinia vilikuwepo vikombe viwili. Aliamka alfajiri akavijaza chai vyote viwili, kama jana, kama juzi, na kila siku akikumbuka wakati cha pili kimeshajaa.

"*No*," akasema. "*I keep... I keep make two tea.*"

Maana hiyo ya *keep* hakuwahi kumfundisha. Jambo ambalo mtu analifanya tena na tena, mkono wake haukubali kuacha, hilo nalo Waingereza wamelitia kwenye neno lilelile. Lakini Taslim alikuwa ameshaishi huko kiasi cha kulijua. Akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtetemeka. Mzee akamwacha alie, naye akalia, wawili kila mmoja jikoni kwake.

"Usimwage," Taslim akasema hatimaye, kwa lugha ya nyumbani. "Sikia, Baba. Kikombe changu usikimwage. *Keep it.* Wajid ameshaomba likizo. Maji yakishuka tu tunakuja, nina kaburi la bibi la kufagia."

"Kitapoa."

"Utakipasha."

"Na Sardaran akikiona atakinywa."

"Mwambie a-*keep* mikono yake mbali!"

Ukutani sauti ikajibu kwamba imesikia, na kwamba chai ya nyumba hiyo haijawahi kuwa na sukari ya kutosha. Karam Dad akacheka, akakohoa, na kabla ya kukohoa akatukana. Taslim akasikia, akajua hicho ni cha kweli, akamwambia akavae sweta.

Mzee akafunika kikombe cha pili kwa kisahani. Kisha akavaa sweta akaenda kutazama bwawa, maji yamefika wapi.